Je, Wajua Njia za Miswada ya Tenzi ya Tanga?

Historia ya umiliki wa kitabu kilichoandikwa kwa mkono, yaani mfululizo wa watu na taasisi zilizokishika tangu wino wake ulipokauka, ni elimu yenye uzito wake, kwa kuwa anayekihamisha kitabu cha namna hiyo huamua pia ni nani watakaoweza kukisoma. Mfano maarufu wa Ulaya ni Codex Gigas, Biblia kubwa iliyopambwa kwa rangi huko Bohemia katika karne ya 13, ambayo majeshi ya Sweden yaliichukua Prague mwaka 1648 kama ngawira na ambayo hadi leo imo katika Maktaba ya Taifa mjini Stockholm. Miswada ya tenzi iliyopitia Tanga haikuchukuliwa kwa upanga. Iliombwa, ikaagizwa, ikanakiliwa na kukabidhiwa.

Utenzi ni shairi refu la masimulizi ambalo kila ubeti wake una vipande vinne vya mizani minane, na kwa karne nyingi uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwishoni mwa mswada mnakili huweza kuacha kolofoni, yaani maneno ya kuhitimisha yanayotaja jina lake, tarehe ya Hijria na pengine aliyeagiza nakala, na hapo ndipo mtafiti wa umiliki huanzia. Baadhi ya vitabu vya dini hubeba pia maandishi ya wakfu, ambayo huvitoa katika mali ya mtu binafsi ili visiuzwe wala kurithiwa.

Tanga ilikuwa na ukoo wa waandishi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wenye tarehe ya 1307 Hijria, kuhusu upinzani wa Abushiri bin Salim, ambaye Wajerumani walimnyonga Pangani Desemba 1889, na wa Bwana Heri wa Sadani. Mwanawe, Sheikh Ali bin Hemedi, aliyekuwa kadhi wa Tanga, aliandika Nikahi, kitabu cha sheria ya ndoa. Thamani ya utenzi wa baba ni kubwa mno, kwa sababu vita hivyo vimeelezwa zaidi na maafisa wa upande ulioshinda, ilhali hapa Mswahili wa zama zilezile anavisimulia kwa lugha yake.

Njia ya kwanza ya miswada ilielekea Ujerumani. Ernst Dammann, aliyefanya kazi Tanga katika misheni ya Bethel kuanzia mwaka 1933 hadi 1937, alikwenda Lamu mwaka 1936 na kusaidiwa na Muhamadi Kijuma, mshairi, mchonga milango na bingwa wa hati, ambaye aliwaandikia Wazungu kadhaa nakala zenye mapambo. Nakala hizo hazikuporwa. Ziliandikwa kwa ajili ya mwagizaji, na Kijuma anastahili kuhesabiwa miongoni mwa waliookoa tenzi za Lamu, ingawa orodha kamili aliyoitayarisha Dammann ya miswada ya Kiswahili iliyomo Ujerumani ilichapishwa Stuttgart mwaka 1993 tu, zaidi ya nusu karne baadaye.

Njia ya pili iliishia nchini. J. W. T. Allen, ambaye baba yake, Roland Allen, alijifunza Kiswahili uzeeni na kutafsiri tenzi akiwa Nairobi, alichapisha utenzi wa Hemedi pamoja na tafsiri mwaka 1955, kisha mwaka 1959 akatoa tafsiri ya Nikahi. Katika miaka ya 1960 alikusanya miswada ya pwani na kuiweka katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Uamuzi huo ulikuwa wa maana kuliko chapisho lolote, kwani uliiweka asili mahali ambapo mwanafunzi wa Tanga aweza kuifikia kwa basi. Orodha hiyo inajumuisha pia kanda za sauti, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu utenzi ulitungwa usomwe kwa mahadhi mbele ya wasikilizaji, hata yule asiyejua kusoma akaushika kwa moyo.