Bei ya Injini Iliyolala Porini

Kwa anayetaka kufufua ndege ya zamani hapa Lubumbashi, mabaki ya porini yana mvuto mmoja mkubwa: yanaonekana ya bure. Hayana duka wala ankara. Na historia ya vita vya kujitenga kwa Katanga inazidisha tamaa. Februari 1961 ziliingia ndege tatu za Fouga Magister kutoka Ufaransa, na Septemba mwaka huo moja tu iliyobaki angani iliwatesa askari wa Umoja wa Mataifa. Zilikuwepo Harvard, zilikuwepo Dove. Mwishoni mwa Desemba 1962 ndege za Umoja wa Mataifa zikaupiga uwanja wa ndege wa Kolwezi-Kengere, na nyingi za Katanga zikaishia chini.

Lakini angalia walichofanya Waswidi waliokuwa upande wa Umoja wa Mataifa. Walileta ndege za kivita za Saab J29, kwa jumla 11. Kazi ilipokwisha, nyingi waliziharibu huku huku Congo, kwa kuwa gharama ya kuzirudisha ilizidi thamani yake. Hilo lilikuwa jeshi zima, lenye marubani na mafundi wake. Wewe una pikapu ya kukodi.

Kabla ya kulinganisha bei, jibu swali moja: unataka ndege iruke, au isimame watu waitazame? Ya kusimamishwa kwenye jumba la makumbusho inaweza kujengwa kwa mabaki ya porini karibu yote, na hapo pori ndilo duka la bei nafuu kuliko yote. Ya kuruka ni hesabu nyingine kabisa.

Chukua Harvard. Zilitengenezwa zaidi ya 15,000 za ukoo huo, na jeshi la anga la Afrika Kusini lilizitumia kufundishia marubani hadi 1995. Kwa hiyo vipuri, mafundi na vitabu vya matengenezo viko upande wa Johannesburg, safari ya lori kupitia Zambia. DC-3 ni hivyo hivyo: Marekani peke yake ilitoa zaidi ya 10,000, na kikosi cha 35 cha Afrika Kusini kwa miaka mingi kilirusha zake zilizofungwa injini za turbini. Ukinunua huko utalipa bei ya kipuri, nauli, foleni ya mpakani Kasumbalesa, ushuru wa DGDA, ukaguzi wa OCC na TVA ya asilimia 16. Inauma. Ila unaweza kuyaandika yote kwenye karatasi kabla hujatoa hata dola moja.

Ya porini huwezi. Injini ya Harvard, Wasp R-1340, ina uzito wa kilo 420 hivi ikiwa kavu. Ya DC-3, R-1830, inakaribia kilo 570. Pasipo barabara, hiyo ni winchi, magogo, vijana wa kijiji, na ruhusa ya chifu juu ya ruhusa ya serikali, maana mabaki ya ndege ya jeshi si mali ya aliyeyaona kwanza. Kisha kipuri kinafika mjini bila cheti. Kisichokuwa na karatasi hakifungwi kwenye ndege yenye kibali cha kuruka mpaka karakana inayotambuliwa ikifungue, ikipime nyufa na kukiandikia. Karakana hiyo huenda ikawa kule kule Johannesburg. Utakuwa umelipa safari ya pori, halafu safari ya Johannesburg kwenda na kurudi, kwa injini ambayo kranki yake inaweza kukataliwa siku ya kwanza mezani.

Kuna pia adui ambaye anayekuonyesha mabaki hamtaji. Mapori yetu ya miombo huungua kila kiangazi. Aluminiamu ya ndege hupata nguvu kwa kupikwa kwa joto la kupimwa. Ikikaa kwenye joto la nyuzi 200 na zaidi, nguvu hiyo inaondoka huku bamba likionekana zima. Mhimili wa bawa uliopitiwa na mioto ya miaka 60 nisingeuchukua hata kwa zawadi. Pangaboi, miguu ya magurudumu na bolti, vilevile.

Cha kuchukua ni umbo. Kiti, mabano, vifuniko, fremu ya dirisha: vitu ambavyo fundi mzuri wa bati anaweza kuvipima na kutengeneza vipya kwa bamba lililoagizwa pamoja na cheti chake. Kwa ndege adimu kama Dove, zilizotengenezwa 542 tu, kielelezo hicho kinaweza kuwa na thamani kuliko injini. Saa za zamani za chumba cha rubani zenye namba za kung'aa gizani zishike kwa tahadhari na usizifungue, kwani rangi yake mara nyingi ina radiamu. (Radiamu nyingi ya dunia ya miaka ya 1920 ilitokana na madini ya Shinkolobwe, hapa hapa Katanga, kwa hiyo huenda ni mtoto aliyerudi nyumbani.)

Angalia Spitfire P9374, ndege ya kivita ya Uingereza: iliibuka kwenye mchanga wa Calais mwaka 1980, ikaruka tena 2011, na kuuzwa London 2015 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Mnunuzi hakulipia chuma kilichokaa miaka 40 mchangani. Sehemu kubwa ya ndege ile ni mpya. Alilipia jina lake na vita ilivyopigana.

Je, kuna wakati kuokoa ndege nzima kunalipa? Ndiyo, ikiwa bado mpya. Machi 1939 boti-ndege Corsair ya Imperial Airways ilipotea njia ikatua Mto Dungu, karibu na Faradje, na kugonga mwamba. Ilitengenezwa, ikajaribu kuruka, ikagonga tena; ikabidi mto uzuiwe kwa bwawa. Iliondoka Januari 1940. Miezi kumi, kwa ndege ya miaka michache ambayo kampuni iliihitaji.

Palipokufa watu pasiguswe. Eneo ilipoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, karibu na Ndola, Septemba 1961, ni kumbukumbu inayolindwa.

Ukiamua kwenda porini hata hivyo, nenda baada ya mvua, Mei au Juni, kabla mioto haijashika kasi. Safari ya kwanza iwe ya kamera na kalamu tu. Tafuta kibati cha namba, kinakili, uliza mwenye ndege ni nani, kisha omba bei ya kipuri unachokitaka huko Johannesburg. Winchi ikodiwe baada ya jibu hilo kufika.