Mabibi wa Limpopo waliovaa njumu uzeeni

KOMBE la Dunia la mwaka 2010 wengi wanalikumbuka kwa kelele za vuvuzela na lile bao la Siphiwe Tshabalala dhidi ya Mexico. Lakini kaskazini mwa Afrika Kusini, kwenye jimbo la Limpopo, kulikuwa na timu nyingine ikijifua kwelikweli. Timu ya mabibi. Siyo akina mama wa miaka 35 wanaojiita wazee kwa utani, hapana. Bibi hasa, mwenye wajukuu, na baadhi yao walishapita miaka 70.

Wanaitwa Vakhegula Vakhegula, jina la Kitsonga ambalo maana yake ni "mabibi, mabibi". Aliyewakusanya ni Beka Ntsanwisi, mtangazaji wa redio anayejulikana zaidi kama Mama Beka. Mwaka 2003 aliugua saratani, na katika kuhangaika na matibabu akawaona wanawake wazee wanaorudi nyumbani na maumivu yaleyale waliyokwenda nayo hospitali. Akaanza kuwafanyisha mazoezi mepesi ya viungo. Soka lilikuja lenyewe: vijana walikuwa wakicheza jirani, mpira ukawafuata mabibi, mmoja akaurushia teke. Wenzake wakacheka, kisha nao wakautaka.

Mtaani ikawa gumzo. Bibi na bukta, wapi na wapi? Hata kanisani walipingwa, wakaambiwa mwanamke hapaswi kucheza mpira na kuvaa kaptura. Wakakaza. Baadaye hukohuko kanisani wakaanza kuombewa.

Kasi yao, tusidanganyane, si ya Ligi Kuu. Ila England, ambako soka la kutembea lilianzia Chesterfield mwaka 2011, mzee akikimbia ni faulo. Hawa wa Limpopo wanakimbia, bana.

Na si afya tu iliyowashika. Wengi walikulia enzi za ubaguzi wa rangi, ujana ukaishia kwenye kazi. Ukimwi ukaja, ukapita na watoto, bibi akabaki kulea wajukuu. Kutwa nzima nyumbani ni bibi njaa, bibi daftari limeisha. Akifika uwanjani ni beki, anafokewa arudi kukaba kama beki mwingine yeyote, na pembeni yake wapo wa rika lake wanaojua msiba wake bila kusimuliwa. Huku kwetu mabonanza ya maveterani wikiendi yamejaa wanaume. Wake zao wa umri huohuo wako wapi? Wanapika supu ya baada ya mechi.

Julai 2010, mashabiki wa Kombe la Dunia wakiwa wanafungasha kurudi makwao, mabibi walipanda ndege kwenda Marekani kucheza mashindano ya maveterani, Veterans Cup, mjini Lancaster, Massachusetts. Waliowaalika walikuwa akina mama wa timu ya Lexpressas, waliowaona kwenye video na kuamua kuchangisha fedha za safari. Urafiki ule haukuishia kwenye filimbi ya mwisho. Mmoja wa Lexpressas, Jean Duffy, aliandika kitabu kuhusu mabibi hao, kikatoka mwaka 2023. Mwaka huohuo Limpopo ikawa mwenyeji wa mashindano ya kimataifa ya mabibi, na safari hii Wamarekani ndio waliopanda ndege.