Twiga Anapoinama

Wasafiri wapitao mbuga za Serengeti, Tarangire na Manyara aghalabu humstaajabia twiga anapokula, kichwa chake kikiwa miongoni mwa matawi ya juu ya migunga, wakaondoka wakiamini kuwa wameiona ajabu yake yote. Lakini mimi naona ajabu iliyo kubwa zaidi ni pale anapoinama kunywa maji, kwa kuwa hapo ndipo gharama ya urefu ule inapodhihirika.

Shingo yake, ambayo hupata mita mbili hivi, ina pingili saba tu, idadi ile ile iliyomo katika shingo ya mwanadamu, ila kila pingili imerefushwa kupita kiasi. Dume aliyekamilika aweza kufika mita tano na nusu toka kwatoni hadi pembeni, na ili damu ipande masafa hayo hata ubongoni, moyo wenye uzito unaokaribia kilo 11 hauna budi kuisukuma kwa nguvu takriban maradufu ya ile ya moyo wetu. Nguvu hiyo ni neema kichwa kikiwa juu. Kikishuka chini ya moyo, damu ingemiminika ubongoni kwa kishindo na kuleta maafa, lau si wavu wa mishipa midogo midogo ulio chini ya ubongo, ambao huipokea na kuipunguza kasi, pamoja na vilango vilivyomo katika mishipa mikubwa ya shingo, viizuiavyo damu irejeayo moyoni isigeuke na kurudi kichwani. Miguu nayo, inayobeba uzito wa damu hiyo usiku na mchana, imebanwa na ngozi nene isiyonyumbuka, hata haivimbi.

Pamoja na maandalizi hayo yote, kunywa maji kwake si jambo jepesi. Shingo, ajabu ni kwamba, haifiki chini, maana miguu imeizidi urefu. Basi hana hila ila kuitanua miguu ya mbele au kuikunja, na katika hali hiyo hawezi kutoroka hima, jambo ambalo simba wanalijua barabara. Kwa hiyo husimama kitambo akiangaza pande zote, huinama, huinuka ghafula, kisha huinama tena. Bahati njema haja yake ya maji si kubwa, kwani majani mabichi humpa sehemu kubwa ya unyevu anaouhitaji. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga China, kwa mfalme Yongle, ambako alidhaniwa kuwa qilin, mnyama wa heri wa hadithi za huko. Nami kila nikiikumbuka safari ile hujiuliza aliinamaje kunywa, jahazi likiyumba baharini.

Kula ndiko kwepesi. Ulimi wake mweusi, wenye urefu wa sentimita 45 au zaidi, hujipenyeza baina ya miiba na kuyavuta majani, kisha mnyama hupumzika akicheua.

Twiga hawana jamaa ya kudumu wala kiongozi: leo wako kumi, kesho watatu, na madume wakubwa huzunguka peke yao wakitafuta majike, wakipimana nguvu kwa kupigana vichwa na shingo. Jike huchukua mimba miezi 15 na huzaa akiwa wima, hata ndama, ambaye tayari ana kimo cha mtu mzima, huanguka toka juu karibu mita mbili. Aghalabu kabla ya saa moja kupita huwa amesimama. Akina mama wa jirani huwakusanya ndama wao mahali pamoja, mmoja akibaki kuwalinda huku wenziwe wakienda malishoni. Na simba ajapo, mama humsimamia mwanawe na kurusha mateke yawezayo kuua. Hata hivyo simba na fisi huwachukua ndama wengi kabla hawajatimiza mwaka.