Ukila nje na familia, sema kabla sato hajaingia kwenye mafuta

Chukua mfano wa Jumapili jioni Mwigobero, mjini Musoma. Upepo unatoka ziwani, jiko la mkaa linawaka, na familia imeshakaa mezani: baba, mama, watoto watatu na bibi aliyekuja kutoka kijijini. Watoto wameamua zamani, ni chipsi na soda. Baba anataka sato wa kukaanga. Bibi, ambaye humeza dawa ya presha kila asubuhi, anasema tu: "Mtakachokula nyinyi, na mimi nitakula hicho hicho."

Meza kama hiyo utaikuta pia Bunda, mabasi ya Mwanza yanaposimama abiria wapate chochote, na Butiama, familia zinapotoka kutembelea makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Kutoka na watoto ni jambo jema, wala hakuna haja ya kuliacha. Tatizo ni chumvi, mafuta na sukari, vitu vitatu vinavyoingia kwenye sahani bila mlaji kuvipima.

Na si tatizo la wazee peke yao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi huwa nalo bila kuhisi chochote.

Kwa mama lishe au kwa mkaanga chipsi, mzazi ana faida moja kubwa: mpishi yuko mbele yake na chakula bado hakijaiva. Anaweza kuomba.

Samaki ni yule yule, mapishi ndiyo tofauti

Sato na sangara ni protini nzuri kwa mtoto na kwa mzee. Kinachobadilisha hesabu ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4. Kwa hiyo sato mchemsho, wenye nyanya, kitunguu, karoti na ndimu, ni mwepesi kuliko yule aliyezama kwenye karai. Sato choma naye ni chaguo zuri, ilimradi asipakwe mafuta na chumvi kila anapogeuzwa.

Kama siku hiyo hamu ni ya kukaanga, tazama karai kwanza. Mafuta yaliyokuwa meusi, yanayotoa povu na moshi mwingi, yametumika mara nyingi mno na yameharibika. Hamia jiko la jirani.

Kwa watoto wadogo, mzazi atoe miba kwa vidole vyake mwenyewe kabla ya kuwapa.

Chipsi zisiwe sahani nzima

Ukimkataza mtoto chipsi kabisa, atazitafuta akiwa na hela yake. Agiza sahani moja kwa watoto wawili, kisha jaza nafasi iliyobaki kwa kachumbari, mchicha au maharage. Kwa chipsi mayai, mwombe mpishi apunguze mafuta kwenye kikaango na achuje chipsi vizuri kabla ya kumwagia mayai.

Pale palipo na viazi vitamu vya kuchemsha au ndizi za kuchoma, watoto wengi huzipenda wakizoeshwa. Ugali wa mtama, ulezi au muhogo, chakula cha siku nyingi mkoani Mara, nao unashibisha vizuri. Ila ule wa muhogo una protini kidogo sana, kwa hiyo usimpe mtoto kwa mchuzi mtupu. Uende na samaki, dagaa au maharage.

Chumvi na sosi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni chumvi yote, pamoja na ile iliyopikwa ndani ya chakula. Mtoto anahitaji chini ya hapo. Mwambie mpishi: "Chumvi weka kidogo, tutaongeza wenyewe." Ndimu na pilipili zitaleta ladha.

Wanaoagiza wali wa kukaanga au tambi za Kichina wajue kwamba kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina chumvi zaidi ya gramu 2, karibu nusu ya kiasi cha siku. Omba sosi iletwe pembeni, na mboga ziongezwe kuliko wali. Nyumbani, kwa tambi za pakiti, tumia nusu ya kile kipakiti cha viungo, kisha tia karoti, hoho na yai.

Soda

Chupa ya mililita 350 ya soda nyingi huwa na sukari ya takriban gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai. Maji yawe kinywaji cha mezani. Ikiwa ni lazima soda iwepo, chupa moja igawanywe kwa watoto, na tikiti au papai vije mwisho.

Turudi Mwigobero

Bibi ameshasema atakula watakachokula wengine. Hataomba cha peke yake, maana hataki kusumbua. Maana yake, baba akiagiza sato wa kukaanga kwa wote, ameagiza pia kwa ajili ya presha ya mama yake. Akiagiza mchemsho wa sato wawili wakubwa, ugali, mboga za majani na sahani moja ya chipsi ya kugawana, hakuna atakayejiona mgonjwa pale mezani, na hakuna mtoto atakayelia.

Dawa za bibi ziendelee kama daktari alivyoelekeza, kwani mlo hauchukui nafasi yake. Lakini watoto watatu wanatazama. Wanachomwona baba akiagiza leo ndicho watakachowaagizia watoto wao kesho.