Kongo: Pomade ya macho ya mtoto mchanga, kazi inayoanzia ofisi ya zone ya afya

Katika materniti, ni kazi ya dakika moja. Mkunga anapangusa macho ya mtoto kwa kitambaa safi, anafungua kope, kisha anapaka pomade kidogo ya tetrasiklini ya asilimia 1 katika kila jicho. Lakini ili tyubu hiyo ipatikane mezani siku ile, kuna watu wengine ambao mama hawaoni.

Pomade inamkinga mtoto na vidudu vya kisonono na klamidia, ambavyo anaweza kuvipata wakati wa kuzaliwa ikiwa mama yake anavyo. Kisonono hujitokeza mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 5: kope zinavimba, usaha mwingi unatoka. Bila matibabu ya haraka, jicho linaweza kutoboka na mtoto akawa kipofu.

Kinga hii si mpya. Mwaka 1880, daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, alianza kutia watoto tone la nitrati ya fedha. Katika materniti yake, ugonjwa uliokuwa unampata karibu mtoto 1 kati ya 10 ukapungua sana. Leo Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri kila mtoto akingwe.

Nchini Kongo, yenye zone za afya 519, jukumu hilo liko kwa daktari mkuu wa zone na timu yake. Ndio wanaopaswa kufuatilia dawa, kukagua vituo na kufundisha wauguzi. Tyubu ikiisha na ripoti isipofika ofisini, watoto wanazaliwa bila kinga. Mashariki, ambako vita vinafunga barabara na wamama wengine wanazalia njiani au kambini, kazi hiyo inakuwa nzito zaidi.

Kinga huanza hata kabla ya kuzaa. Mama akikutwa na ugonjwa wa zinaa kwenye CPN, yeye na mume wake wanatibiwa pamoja. Kwenye mitaa na vijiji, reco ndio wanaowakumbusha wazazi kwamba kutia maziwa ya mama au maji ya majani machoni hakuponyeshi.

Mtoto wa chini ya mwezi mmoja akitoka usaha machoni, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Hapo pomade peke yake haitoshi: kisonono kinahitaji sindano, na wazazi wote wawili wanapaswa kutibiwa.