CHAI IKAE MEZANI, MTOTO AWE SALAMA

Katika nyumba nyingi vijijini chai huandaliwa chini. Birika huwekwa juu ya mkeka au kigoda. Wakubwa huketi, hunywa na kuzungumza. Lakini mtoto anayetambaa naye yupo. Analiona birika. Anataka kulishika.

Chai inapochemka, joto lake hukaribia nyuzi 100. Hata ikipoa mpaka nyuzi 60, inaweza kumwunguza mtoto kwa muda mfupi sana. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mtu mzima.

Ndugu msomaji, jengea chai meza yake. Huhitaji fedha nyingi. Fanya hivi:

1. Kata nguzo 4 za mkaratusi au mti mwingine mgumu. Kila nguzo iwe na urefu wa sentimita 140.

2. Choma ncha za chini mpaka ziwe nyeusi kwa nje. Mchwa wanaweza kuchelewa kuzila.

3. Chimba mashimo 4 yenye kina cha sentimita 40. Simika nguzo na ushindilie udongo. Juu itabaki mita 1.

4. Funga fito kwa kamba za mkonge. Meza iwe na urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 60. Fito zikaribiane, vikombe visiyumbe.

5. Funga ufito mmoja kuzunguka ukingo, vyombo visiteleze.

Meza peke yake haitoshi. Weka birika katikati, siyo ukingoni. Usitandike kitambaa kinachoning'inia, kwa sababu mtoto atakivuta na chai itammwagikia. Usinywe chai ya moto huku umempakata mtoto.

Je, mtoto akiungua? Mwondoe penye moto. Mvue nguo iliyolowa chai, lakini usiibandue iliyonata kwenye ngozi. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi. Usipake mafuta, yai, unga wala dawa ya meno. Vitu hivyo havitibu, tena vinaweza kuleta vijidudu kwenye kidonda. Funika kidonda kwa kitambaa safi, kisha mpeleke mtoto zahanati upesi.

Kazi ya kujenga meza hii ni ya siku moja. Kovu la moto hukaa maisha yote. Anza kutafuta nguzo wiki hii.