Cancún: bahari ni ya watu wote

Wandugu, tukiona picha za Cancún, wengi tunafikiri kama ule mji wa Meksiko ni wa wenye pesa tu. Si vile. Ni kweli, serikali ilianza kuujenga 1970 kwa ajili ya watalii, na hoteli zimejipanga pwani karibu yote. Lakini kwa sheria ya Meksiko, fukwe ni mali ya taifa. Tangu 2020, mwenye kiwanja anayezuia watu kufika baharini anapigwa faini.

Basi, mwenye pesa kidogo afanye nini kule? Apande basi ya kawaida mpaka Playa Delfines, aoge bure. Ila aangalie bendera: ikiwa nyekundu, asiingie majini. Karibu na pale iko El Rey, magofu ya Wamaya. Siku ingine avuke na feri kutoka Puerto Juárez mpaka Isla Mujeres, karibu dakika ishirini.

Wanaosafisha vyumba vya hoteli, wengi wanakaa mbali na maji. Kwao ile sheria ndiyo likizo yao ya siku ya yenga. Haki isiyojulikana inabaki karatasi tu.